Tuache kuwa watu wa «wanasema»: gazeti na kazi ya raia



Mara hii tunapenda kuzungumuza juu ya jambo lenye wengi wanaliona kuwa dogo: kusoma gazeti. Kuko wenzetu wanaosema: «Gazeti ni kitu cha wakubwa, cha wale wa Kinshasa. Sisi tuko na fizika, tuko na kemia, tuko na egzame ya Serikali. Gazeti litatusaidia nini?» Wengine wanaongeza: «Mambo ya inchi ni siasa, na siasa si ya Wakristo. Kazi ya Mukristo ni kuomba.» Na wengine wanajibu kwa ufupi tu: «Habari? Tunazijua tayari. Tunazisikia.»

Jibu hili la mwisho ndilo linatusumbua zaidi. Kweli, tunazisikia. Lakini tunazisikia wapi? Tunazisikia kwenye robine wakati wa kuteka maji. Tunazisikia sokoni na juu ya pikipiki. Siku hizi tunazisikia zaidi ndani ya simu: mutu anatuma sauti yake kwa WhatsApp, na sisi tunaituma kwa wengine kumi pasipo kuuliza ni nani aliyesema kwanza. Habari za namna ile zinaanza siku zote na neno moja: «Wanasema». Wanasema barabara imefungwa. Wanasema egzame imesogezwa. Wanasema daktari fulani anauza damu. Ni nani anayesema? Hakuna mutu. Huyu «Wanasema» hana jina, hana nyumba, hana tarehe. Kesho ukiona kwamba alisema uongo, hutamupata umuulize.

Gazeti si hivi. Gazeti, hata likiwa bovu, liko na jina lake juu. Liko na tarehe. Liko na mukubwa wake, na jina lake limeandikwa mule. Likimuandika mutu kwa uongo, sheria ya inchi yetu inamupa yule mutu haki ya kujibu ndani ya gazeti lile lile. Ni kusema: gazeti lina mwenyewe, lakini uvumi hauna mwenyewe. Kwetu sisi hiyo ndiyo tofauti kubwa kupita zote, na ndiyo sababu ya barua hii.

UVUMI UNAUA

Sisi wa upande huu wa Beni na Butembo, hatuna lazima ya kwenda mbali kutafuta ushuhuda. Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ule ulitembea huku kwetu na katika Ituri mpaka ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020. Hesabu ya OMS ni hii: wagonjwa 3.470, na kati yao watu 2.287 walikufa. Mpaka wakati ule, katika inchi yetu hakukuwa kumetokea Ebola kubwa kama ile.

Wengi wetu wakati ule tulikuwa bado kwenye masomo ya msingi. Tunakumbuka ndoo za maji yenye klore kwenye kila mulango. Lakini tunakumbuka vilevile maneno. Eti Ebola haiko. Eti ni biashara ya wakubwa. Eti ukiingia mule kwenye mahema ya wagonjwa, wanakumaliza kwa sindano. Katika mwezi wa Februari 2019, vituo viwili vya kutunza wagonjwa, cha Katwa na cha Butembo, vilishambuliwa na kuchomwa ndani ya juma moja. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari mumoja kutoka Kameruni, aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi ndani ya kliniki katika muji wa Butembo.

Hatusemi kwamba uvumi peke yake ndio ulioshika bunduki. Tunajua eneo letu liko na watu wengi wenye silaha, na vita yake ni ya miaka mingi. Lakini uvumi uliwafungulia mulango. Uvumi ndio ulifanya mama afiche mugonjwa wake nyumbani, amuoshe kwa mikono yake, na nyuma yake jirani wafuate. Mutu mwenye kujua namna gani ugonjwa unaambukiza hafanyi vile. Yule hakukosa upendo. Alikosa habari ya kweli, yenye kuandikwa na kuelezwa vizuri katika luga yake.

TUSEME KWELI YOTE

Hata hivi, tusiwatupie raia makosa yote. Uvumi haukuzaliwa na ujinga peke yake. Tarehe 26 Desemba 2018, CENI ilitangaza kwamba watu wa Beni na Butembo (na wa Yumbi, mbali kule Mai-Ndombe) hawatapiga kura tarehe 30 Desemba pamoja na inchi yote. Kwa upande wetu, sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Watu wakajiuliza: masoko yako wazi, makanisa yako wazi, ni namna gani kura peke yake ndiyo italeta ugonjwa? Swali lile lilikuwa la haki. Na kura ya Rais wa inchi ilihesabiwa pasipo sisi. Kura ya wabunge tuliipata tarehe 31 Machi 2019.

Siku zile tuliona njia mbili. Kuko wale ambao kwa hasira yao walishambulia kituo cha Ebola kule Beni, tarehe 27 Desemba. Na kuko wale ambao tarehe 30 Desemba walipanga musululu kule kule Beni, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ya alama tu, ili inchi yote ione kwamba nao ni raia. Hasira ilikuwa moja, njia zilikuwa mbili. Wa kwanza walishambulia kituo ambacho hakikukata shauri lolote. Wa pili waliuliza wakubwa swali mbele ya watu wote, na magazeti na redio za inchi nyingi zikalipeleka mbali.

Fundisho ni hili: mahali wakubwa hawaelezi mambo, uvumi unaeleza kwa nafasi yao. Kwa hiyo gazeti liko na kazi mbili. Linatufundisha sisi, na tena linawalazimisha wakubwa kueleza. Lakini ile kazi ya pili haiwezekani kama hakuna wasomaji. Mukubwa anaogopa gazeti lenye kusomwa. Lile halisomwi, analichekea.

KARATASI YA KUFUNGIA MANDAZI?

Kuko wanaocheka wakisema kwamba faida ya gazeti ni kufungia mandazi. Basi tuangalie historia ya inchi yetu.

Katika mwezi wa Julai 1956, mjini Léopoldville, gazeti dogo la vijana Wakongomani lenye jina Conscience africaine lilichapisha tangazo lao juu ya maisha ya kesho ya inchi. Waliomba inchi ijitawale, lakini kwa hatua, katika miaka 30. Katika Agosti ya mwaka ule ule, watu wa ABAKO wakajibu kwa maandishi: hapana, hatungoji miaka 30. Watu wakasoma, wakabishana, wakaanza kusema kwa sauti neno ambalo mbele yake lilisemwa chini chini. Miaka ine nyuma, tarehe 30 Juni 1960, inchi ilipata uhuru. Hatusemi karatasi ile ndiyo iliyoleta uhuru. Tunasema ilikuwa mahali pa watu kuwaza pamoja.

Na Patrice Lumumba alikuwa nani mbele ya kujulikana? Alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Hakupita kwenye iniversite. Lakini alikuwa mutu wa kusoma sana, na tangu akiwa karani alikuwa akiandika katika magazeti ya wakati wake. Wenzetu wanaofikiri kwamba mpaka uwe na diploma kubwa ndipo useme neno juu ya inchi yako, wamutazame.

Kisha tukumbuke wakati wa chama kimoja. Magazeti hayakukosa: kulikuwa Salongo na Elima kule Kinshasa, Mjumbe kule Lubumbashi, Boyoma kule Kisangani, Jua kule Bukavu. Lakini gazeti lisilo huru ni kama kengele yenye kufungwa kitambaa: unaona inatikisika, husikii kitu. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 walipomuandikia Rais Mobutu barua ndefu ya kumuambia mabaya ya utawala wake, walifungwa. Ni nyuma ya tangazo lake la tarehe 24 Aprili 1990, la kumaliza chama kimoja, ndipo magazeti mengi yalitokea na kusema. Haki hii ya kusoma maneno yasiyomupendeza mukubwa haikutoka bure. Watu waliilipa. Sisi tukiiacha ikae kwenye kabati, tutakuwa tumewakosea wale.

SHERIA HAINGOJI MUTU ASIYESOMA

Katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 62 kinafundisha kwamba hakuna mutu wa kujitetea akisema hakujua sheria. Ni neno kali. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 142, inailazimisha Serikali kueneza kila sheria katika Kifaransa na katika zile luga ine za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, ndani ya siku 60. Tuulizane sasa: kati yetu, ni nani alikwisha kuona sheria moja katika Kiswahili? Kama hatujui kwamba kifungu hicho kiko, tutakiomba namna gani?

Tuchukue mufano mwingine. Mama anauza ndizi sokoni. Kila asubui mutu anapita na kumuomba feza, leo mia tano, kesho elfu, pasipo karatasi. Mama analipa, anaguna, na jioni anasema nyumbani: «Ndiyo inchi yetu.» Lakini kifungu cha 27 cha Katiba kinamupa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakubwa wa Serikali, yeye peke yake au pamoja na wengine, na mukubwa analazimishwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Wamama makumi ine wa soko wakitia alama zao chini ya barua moja, ile si fujo, ile si maandamano ya kutupa mawe. Ni haki yenye kuandikwa. Lakini ni nani atawaandikia barua ile? Ni mutoto wao mwenye kusoma kwenye masomo haya yetu. Na yeye atajua kifungu hicho namna gani, kama anasoma daftari lake tu, na daftari halisemi?

JE, MUKRISTO AOMBE TU?

Sasa tuje kwa wale wanaosema kwamba kazi yetu ni kuomba tu. Ndugu, tunakubali kuomba. Lakini tufungue Biblia kwa Nehemia, mulango wa kwanza. Nehemia alikuwa mbali, katika nyumba ya mufalme, anakula vizuri. Ndugu yake Hanani alipofika kutoka Yuda, Nehemia alifanya nini kwanza? Aliuliza habari. Aliuliza watu wako namna gani, na muji wa Yerusalema uko namna gani. Aliposikia kwamba ukuta umebomoka, akalia, akafunga, akaomba. Nyuma ya kuomba, akaenda kwa mufalme, akaomba barua za ruhusa na miti ya kujengea. Alipofika, usiku akazunguka ukuta na kuutazama kwa macho yake mwenyewe. Ndipo akawaambia watu: tujenge.

Tazameni mupango wake: kuuliza, kuomba, kuhakikisha, kufanya kazi. Sisi tunapenda kuanza na kuomba, na mara nyingi tunaishia pale pale. Mutu asiyeuliza habari za inchi yake, atauombea ukuta gani?

Na katika Matendo ya Mitume 17, Luka anawasifu watu wa Beroya. Paulo mwenyewe alikuja kuwahubiri. Hawakusema: huyu ni mukubwa, tuamini tu. Walipokea neno kwa furaha, lakini kila siku walichunguza Maandiko waone kama ni hivi. Kama watu wale walimupima mutume na wakasifiwa, sisi tutaogopa kumupima mwandishi wa gazeti?

TUSOME, LAKINI TUSIMEZE

Maana gazeti nalo linaweza kudanganya. Sisi wote katika Kongo tunajua lile neno «coupage»: mwandishi anaenda kwenye mukutano, mwenye mukutano anamupa bahasha, na kesho yake gazeti linaimba sifa. Mushahara wa mwandishi ni mudogo ama haufiki, na tumbo linashika kalamu. Tusifiche jambo hili. Lakini dawa yake si kuacha kusoma. Kama chakula cha muuzaji mumoja kimeharibika, mutu haachi kula, anatazama vizuri mbele ya kununua.

Kwa hiyo mbele ya kila habari, tuulize maswali ine: Ni nani anasema? Alisema lini? Aliona mwenyewe ao alisikia tu? Na ni nani atapata faida kama mimi nikiamini? Kama maswali haya yote hayana jibu, habari ile haifai kupita kwa kinywa chetu, wala kwa simu yetu.

NAMNA GANI TUTAANZA?

Mutasema: gazeti lenyewe liko wapi? Ni kweli. Magazeti ya kila siku kama Le Potentiel, lililozaliwa mwaka wa 1982, na Le Phare, lililozaliwa mwaka wa 1983, ni ya Kinshasa. Kutoka kule mpaka huku kwetu ni safari ya ndege, bei yake inapita mukate, na luga yake ni Kifaransa kigumu. Lakini tusingoje mpaka yote yawe tayari. Sisi tunatoa shauri hizi:

1. Gazeti la juma lililopita si takataka. Mwalimu, muchungaji ao mufanya biashara akirudi kutoka safari nalo, tumuombe. Tutazame tarehe kwanza, kisha tusome. Habari inazeeka, lakini maelezo ya sheria, ya feza ya Serikali ao ya ugonjwa hayazeeki upesi.

2. Kila kalasi itoe franga kidogo kila mwezi. Kwa feza hiyo tununue mega kwa simu moja ya kamati, tusome magazeti yale yanayopatikana kwa mutandao, na tunakili habari tatu za siku kwa mukono kwenye karatasi kubwa. Karatasi ile ipigiliwe kwenye ubao karibu na mulango wa biro ya prefe, kama prefe atakubali. Chini ya kila habari tuandike imetoka wapi na tarehe gani.

3. Tusikilize pia redio yenye majina na saa. Redio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, inasema Kifaransa na luga zetu ine. Habari ya gazeti na habari ya redio zikipatana, tunaweza kuzisimamia. Zikipingana, tungoje.

4. Kila jioni, mwanafunzi amwelezee mutu mumoja wa nyumbani habari moja kwa Kiswahili ao kwa luga ya nyumbani. Wazazi wetu wengi walitulipia masomo, na wenyewe hawasomi Kifaransa. Wamuulize maswali. Asipoweza kujibu, ajue kwamba hakuelewa vizuri, arudi kusoma tena. Na tunawaambia madada zetu: kazi hii si ya wavulana. Wakati wa kupika na mama, kuko nafasi nzuri ya kueleza habari.

5. Sauti isiyo na jina ikiingia kwa simu yako, ikomee kwako.

Kuko mwenye kusema: haya yote yatanipa pointi ngapi? Katika egzame ya Serikali kuko maswali ya elimu ya jumla, na mwenye kusoma gazeti hashituki nayo. Lakini tusome si kwa ajili ya pointi. Katika mwaka ao miaka miwili, wengi wetu tutafika miaka 18, na siku ya uchaguzi tutasimama mbele ya majina na picha. Siku ile hakuna mwalimu wa kutusaidia. Kuko wale watakaokuja na kofia, na kilo ya sukari, na neno lao lile lile: «Wanasema huyu ndiye wetu.» Mwenye kusoma atauliza: huyu alifanya nini pale alipokuwa mbunge? Alisimamia sheria gani? Alikuja kuonana na sisi mara ngapi? Mutu wa kofia hapendi maswali haya, na ndiyo maana yanafaa.

Wapenzi, ubao uko, na msumari tutautafuta. Juma hili kila kalasi ichague watu wawili wa kunakili habari, na majina yao yaletwe kwa kamati ya kijarida mbele ya Ijumaa saa sita. Na yule anayeona kwamba tumekosea katika maneno haya, asinong'one kando ya njia. Aandike, atie jina lake, na sisi tutachapa jibu lake kwenye kijarida kinachokuja.

Mungu aibariki inchi yetu, na atupe macho ya kuitazama.

Ni sisi, kamati ya kijarida cha wanafunzi.